Ugoro wa Algot

Katika bonde letu lote la mto Vindel hakuna pua inayoishinda yangu. Nasema bila haya, na asiyeamini aje na vikopo vyake vitano, anifunge macho kwa kitambaa, nami nitamtajia kila tumbaku iliyomo na namna ilivyokaushwa. Shule niliiacha darasa la sita, kwa makubaliano kati yangu na mwalimu. Makubaliano aliyapendekeza yeye. Lakini pua haidaiwi cheti. Kwa hiyo ninapoandika habari za shemeji yangu Algot Risberg, mume wa dada yangu Vendla, msomaji ajue anaipata habari kwa mtaalamu. Ajue pia kwamba mtaalamu huyo aliharibu mambo mawili matatu njiani. Nitayataja nikiyafikia, kama sitayasahau.

Algot alikuwa mtu wa magogo. Tangu akiwa na miaka kumi na sita, kila barafu ya mto ilipopasuka, yeye alikuwa juu ya magogo yaliyokuwa yakiteremshwa kwenda pwani, upondo wenye kulabu mkononi, akirukaruka kutoka gogo hadi gogo kama mtu anayevuka chumba chake mwenyewe. Alifanya hivyo mpaka wenye kampuni walipoona malori yana haraka kuliko maji. Baadaye akakata miti msituni, mpaka mgongo ukakataa. Alikuwa jitu la mtu, viganja kama sepetu, na maneno yake yalikuwa machache hata mgeni alidhani ni bubu.

"Shemeji," nilikuwa nikimwambia, "maneno hayatozwi kodi."

Alikuwa akilifikiria hilo hadi kesho yake, halafu ananijibu, "Najua."

Chini ya mdomo wake wa juu hapakukosa tonge la ugoro. Sisi huku ugoro hatuvuti puani. Tunaulowesha, tunautia chumvi, tunaupika, kisha tunaubandika chini ya mdomo wa juu, ukae huko wakati mikono yote miwili inafanya kazi. Wengine wananunua dukani. Algot hakununua hata mara moja kwa miaka hamsini, kwa sababu Vendla alimpikia.

Dada yangu mwenyewe hakuuweka ugoro mdomoni maisha yake yote. Aliupika kwa pua na kwa vidole. Alichanganya tumbaku tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani: majani mapana, makali kama mama mkwe, yaliyooteshwa ukutani mwa zizi, upande wa kusini, ambako jua la Julai halina habari ya kulala. Ya pili ilikaushwa kwa moshi wa kuni, ikaletwa kwa posta kutoka mbali, nayo inanuka kama nyama iliyoning'inizwa juu ya moto. Ya tatu ilikuwa ya njano, nyepesi, tamu kidogo, na kazi yake ni kuzipatanisha hizo mbili zisipigane. Alizisaga kwenye kinu cha kahawa, akazitia maji ya moto na chumvi, akazifunika ndani ya chungu, na siku ya kuoka mkate akakiingiza chungu katika tanuri la kibanda cha kuokea baada ya mkate wa mwisho kutoka. Kikakaa humo siku mbili, tanuri likipoa polepole. Kilichofuata baada ya hapo alikijua yeye peke yake. Hakuandika popote. Alipima kwa kiganja, na kwa kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono.

Na Algot? Algot alipanda, akavuna kabla ya baridi ya kwanza, akaning'iniza majani darini, na alichoambiwa abebe alibeba.

Harufu ya ugoro ule ilimwingia mwilini. Ilikuwa harufu ya moshi, ya chumvi, ya lami, na nyuma yake kitu fulani kama mkate. Kanisani ungeweza kufumba macho ukajua Algot ameketi benchi lipi.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia Vendla kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Huoni yalipopenya, unaona tu soksi imelowa. Kwanza aliacha birika likaungua. Kisha akaanza kuweka maziwa ndani ya oveni na viatu ndani ya friji. Algot alimtunza nyumbani miaka miwili. Alimvalisha, alimlisha, alimsuka nywele, na alizisuka vibaya kweli. Dada yangu alionekana kama kamba ya kufungia ng'ombe, nami nikasema hivyo, na Algot akafumua akaanza upya. Halafu asubuhi moja ya Machi Vendla alitoka akatembea juu ya barafu ya mto amevaa ndara, akasema anakwenda kumpelekea mumewe chakula. Baada ya hapo muuguzi wa wilaya akasema inatosha. Wakampeleka nyumba ya wazee mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari, na mwendeshaji ni mimi, maana Algot hakuwahi kujifunza gari.

Kufikia hapo chungu cha mwisho cha ugoro kilikuwa kimekwisha zamani. Algot alikuwa ananunua dukani vile vifuko vidogo vyeupe kama vya majani ya chai. Alivitia mdomoni kama mtu anayekunywa dawa.

Siku ya kwanza tulipokwenda kumwona, Vendla alikuwa kitandani, shali mabegani. Aliniona mimi kwanza.

"Ture," akasema, "umenenepa. Nani anakupa krimu?"

"Naiba, dada."

"Najua unaiba. Tangu mdogo unaiba." Akacheka. Kisha akamtazama Algot, ambaye alikuwa amekwisha kukaa ukingoni mwa kitanda na kumshika mkono, akautoa mkono wake polepole, kwa heshima, kama unavyoutoa kwa mlevi. "Na huyu bwana ni nani?"

"Ni Algot, dada. Mumeo."

Akainama karibu na koti la shemeji yangu, akavuta pumzi. "Siye," akasema. "Algot ana harufu yake. Huyu hana harufu yoyote."

Sasa mwenzangu, fikiria. Mimi mwizi wa krimu, niliyemwekea chura kwenye kiatu siku ya kipaimara chake, mimi ananijua. Mtu aliyelala naye miaka hamsini na tatu, hamjui. Sikuwa na mzaha wa kusema siku hiyo, na watu wa nyumbani kwetu watakwambia kwamba hilo ni jambo la kuandikwa kwenye kalenda.

Tulikuwa tunapita kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao Algot alipofungua mdomo.

"Harufu," akasema.

"Nini?"

"Amesema harufu." Akafungua dirisha, akatoa kile kifuko cheupe mdomoni, akakitupa nje. "Tutaupika. Akiunusa, atanijua."

Basi hiyo ndiyo kazi iliyompata Algot Risberg akiwa na miaka sabini na saba: kuupika ugoro wa mkewe ili mkewe amjue. Hakutaka kingine duniani.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, maana yuko na Ture. Majani ya nyumbani yalikuwa bado yananing'inia darini. Yale mengine mawili tuliagiza. Tulisaga, tukachekecha, tukapika katika oveni ya jikoni, maana nilimwambia moto ni moto. Hapa ndipo lilipoingia kosa langu la kwanza. Magadi hutiwa ugoro ukishapoa; kila mtoto wa bonde letu analijua hilo. Mimi nilikuwa na haraka, nikayatia chungu kikiwa bado kinatokota. Mvuke ukapanda ukinuka mkojo wa paka mia moja, tukajikuta wazee wawili nje kwenye theluji na soksi, machozi yanatutiririka.

"Dada yako hutia ukishapoa," Algot akasema.

"Mimi nina njia zangu."

"Naziona," akasema, akifuta macho.

Ule tukaumwaga. Wa pili tuliupika vizuri, tukaupeleka Alhamisi. Vendla aliuminya kiganjani, akaufungua mkono, akausugua kwa kidole gumba na cha shahada. Ajabu ni kwamba mikono yake haikuwa imesahau kitu. Mikono ilikuwa bado na akili zake zote.

"Tumbaku ya moshi imezidi," akasema. "Nani kapika huu?"

"Mimi," akasema Algot.

"Nilijua ni mwanamume." Akaurudisha.

"Mama," Algot akamwambia, ndivyo alivyoanza kumwita, kwa kuwa akimwita jina alikasirika, "tufundishe. Baada ya kupoa unatia nini?"

Vendla akafikiri sana. "Muulizeni Vendla," akasema. "Yeye ndiye anayejua."

Wa tatu. Loo, wa tatu nauandika kwa sababu niliahidi. Nilichoka. Nilimhurumia shemeji yangu, na zaidi nilijihurumia mwenyewe na petroli. Nikanunua ugoro wa dukani, ule wa unga, nikaujaza katika kikopo cha zamani cha Vendla, nikauchanganya na kiganja cha ule wetu ili uwe na sura ya nyumbani, nikampa Algot nikimwambia nimeupika peke yangu usiku kwa ujuzi maalumu. Vendla aliufungua tu.

"Ture," akasema, "huu umepikwa na mashine. Na wewe ni mwongo tangu utotoni."

Algot akanitazama. Hakunisemesha tena mpaka Jumapili, nami niligundua Jumamosi, kwa jinsi alivyo.

Wa nne ulikuwa mzuri. Pua yangu mwenyewe ilisema ni wenyewe. Tulipunguza ile ya moshi, tukaongeza ya njano, tukauacha ukae ghalani wiki mbili ukomae. Vendla aliushika muda mrefu, na Algot alikuwa amesimama mbele yake kama mtu anayengoja hukumu.

"Hauna utelezi," akasema dada yangu. "Ugoro lazima uteleze kidogo. Kama sabuni iliyosahauliwa majini."

"Tumetia magadi, mama."

"Magadi ya dukani." Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeleta maua ya plastiki msibani. "Na ndoo je?"

"Ndoo gani?"

Lakini alikuwa amekwisha kugeukia dirishani, anahesabu ndege kwa sauti.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia ndipo Algot aliponishika mkono nikakaribia kuingia mtaroni.

"Ndoo ya bati," akasema. "Ya majivu."

"Majivu gani?"

"Kila akimaliza kuoka mkate, ananipa ndoo ya majivu ya tanuri. Nikaiweke ukutani mwa zizi, chini ya paa, isinyeshewe. Anasema nisimwage. Nilidhani ni mbolea ya viazi."

"Miaka hamsini umebeba ndoo, hujauliza ni ya nini?"

"Aliniambia nibebe. Nikabeba."

Jamani, majivu. Bibi zetu walipika ugoro kwa maji ya majivu kabla mtu hajaona magadi ya paketi. Nami mwenye pua ya bonde zima sikuwahi kulitambua. Ile harufu ya mkate nyuma ya moshi nilidhani ni ya aproni ya Vendla.

Kwa hiyo ilibidi tuoke mkate. Hakuna namna nyingine. Majivu yalitakiwa ya kuni za mti wa gome jeupe, zilizoungua mpaka zikawa unga, na chungu kilitakiwa kikae katika tanuri lilelile likipoa. Wazee wawili kwenye kibanda cha kuokea, unga wa shayiri mpaka kwenye nyusi. Mkate wetu ule mwembamba unatandazwa hadi uone mkono wako upande wa pili. Wetu ulitoboka kama soksi za askari. Wa kwanza ukaangukia motoni, wa pili ukanishika ndevu.

"Ukiwa na subira utaonekana kama mwanamke mzuri," nikamwambia Algot, kwa kuwa alikuwa amefunga aproni ya Vendla.

"Wewe hata ukiwa na subira hutaonekana," akasema. Hilo ndilo tusi refu kuliko yote aliyowahi kunitukana, nami nikalifurahia siku nzima.

Majivu tuliyachemsha na maji, tukayaacha yatulie, tukayachuja kwa kitambaa, mpaka maji yakawa yanateleza vidoleni. Chungu kilipopoa kabisa, Algot alinifukuza mbali, akatia maji yale mwenyewe, kidogokidogo, kwa kile kikombe kisicho na mkono. Tukafunika. Tukangoja wiki mbili.

Siku ya kufungua, alitia tonge mdomoni akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni, uso akaugeuzia ukutani.

"Ni wenyewe?" nikamuuliza.

Mabega yake ndiyo yaliyonijibu.

Alhamisi ile alivaa koti lake la sufu la zamani, lile la mtoni. Alitia tonge chini ya mdomo tulipoingia mjini, na kikopo kilichojaa akakishika kwa mikono miwili. Muuguzi Annelie, aliyekuwa anatujua sasa, alitufungulia mlango akasema, "Leo ananukia huyu," akatabasamu.

Vendla alikuwa kitini. Hatujafika katikati ya chumba, akainua kichwa. Uso wake ukafunguka. Ninasema ukafunguka, sina neno jingine. Nilimwona dada yangu wa miaka ishirini.

"Algot amekuja," akasema.

Shemeji yangu akasimama pale pale.

Vendla akatazama nyuma yake, mlangoni. Akainama upande wa pili atazame vizuri. "Yuko wapi?"

"Niko hapa, Vendla."

Akamtazama. Alimtazama kwa upole sana, na nadhani ule upole ndio uliokuwa mbaya kuliko kama angemfukuza. "Wewe bwana ni mzee," akasema. "Algot ana nywele nyeusi." Kisha akakiona kikopo, akakichukua, akakinusa, akakisweka ndani ya shali. "Ahsante kwa kumletea. Nitamwekea. Anarudi Jumamosi kutoka mtoni."

"Mama," Algot akasema, "naomba tonge moja tu."

"Hapana, bwana. Ni wa mume wangu."

Nilidhani ataacha. Ningekuwa mimi ningeacha, ningekaa nyumbani na kulaani. Lakini Alhamisi iliyofuata alikuwa ameketi kwenye ngazi yangu saa moja kabla, kikopo kingine mapajani. Na iliyofuata. Akawa kwa Vendla bwana anayeleta tumbaku. Dada yangu alimkaribisha, alimwagizia kahawa kwa Annelie, na kwa kuwa mgeni lazima aongeleshwe, alimwongelesha kuhusu mumewe.

Mimi nilikuwa nakaa dirishani na gazeti. Nilisikia mambo ambayo sikuyajua, na Algot alisikia mambo ambayo hakujua kama yanajulikana. Kwamba anawaimbia ng'ombe akidhani hakuna mtu. Kwamba alipomchumbia alimwandikia barua ya maneno kumi na moja, na mawili kati yake yalikuwa jina lake mwenyewe. Kwamba akirudi kutoka mtoni hulala sakafuni usiku wa kwanza, kwa sababu kitanda kinamtikisa kama gogo.

"Ni mtu mzuri?" Algot alimuuliza siku moja, akitazama kikombe chake.

"Ni mzito," akasema Vendla. "Lakini anabeba."

Annelie alituambia kwamba kabati la kando ya kitanda limejaa vikopo, kumi na saba, na harufu imefika korido; je, atoe vichache? Algot akasema aviache.

Alhamisi moja ya Novemba, theluji mpya nje, Vendla alikuwa anatazama dirishani tangu tulipoingia. Halafu akauliza, "Bwana, una watoto?"

Algot alikizungusha kikombe chake. "Tulikuwa na mmoja."

"Sisi pia." Akalainisha shali magotini. "Aliitwa Elis. Wiki tatu. Alikuwa na vidole virefu. Mume wangu alimwona mara mbili. Ilikuwa Mei, magogo yalikuwa yanashuka." Aliongea kama anayesimulia habari za kijiji cha mbali. "Alikufa Jumatano, tukamzika Jumamosi. Mume wangu hakuja. Alikuja Jumanne, akasimama mlangoni, akasema magogo yaliziba mto."

Sikufungua tena ukurasa wa gazeti.

"Ture aliniambia msimamizi wa magogo alimnyima ruhusa," Vendla akaendelea. "Lakini Ture mwongo. Mke wa msimamizi aliniambia mwaka uleule. Mumewe alimwambia Algot aende, mara tatu alimwambia."

Ni kweli. Barua ya msiba niliipeleka mimi, kwa baiskeli, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilimwona Algot akiisoma, akiikunja, akiitia ndani ya kofia, akirudi juu ya magogo. Nilimsikia msimamizi akimwita. Huo uongo niliutunga njiani nikirudi, kwa mapenzi tu, nikadhani nimewasaidia wote wawili. Nilijisifu moyoni kwa uongo ule miaka hamsini na moja.

"Hujawahi kumuuliza?" Algot akasema.

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

"Miaka yote?"

"Si mtu wa maneno. Nilisema, siku moja yatamtoka. Nikawa nampikia ugoro wake nangoja."

Algot aliweka kikombe chini.

"Labda aliogopa," akasema.

"Aliogopa nini? Jeneza lilikuwa dogo. Ture alilibeba kwapani."

"Labda ndilo aliloliogopa." Viganja vyake vilikuwa vimeshikana katikati ya magoti. "Labda alisimama kule mtoni akajiambia, nisipoliona, halijatokea. Halafu, mama, akajua siku ileile kwamba amekosa. Lakini tayari alikuwa amechelewa, na kesho yake amechelewa kuliko jana, na keshokutwa zaidi. Mpaka akawa hana pa kuanzia."

Vendla alimtazama kwa makini. "Umejuaje wewe?"

"Mimi pia sikwenda," Algot akasema. "Kumzika wangu. Mke wangu alikwenda peke yake. Sijamwomba radhi."

"Kwa nini humwombi?"

"Nimechelewa."

Dada yangu aliinama akampapasa mkono, mara mbili, kama unavyompapasa ng'ombe aliyeshtuka. "Pole, bwana," akasema. "Pole sana." Kisha akaingiza mkono ndani ya shali, akatoa kikopo, akakifungua. Akachota kwa vidole, akaufinyanga ugoro ukawa tonge jembamba, kama alivyokuwa akimfinyangia Algot siku vidole vyake vilipokuwa vimekufa ganzi kwa maji ya mto. Akamnyooshea. "Chukua. Ni wa mume wangu, lakini hatanuna. Si mchoyo."

Algot akaupokea. Akautia chini ya mdomo, akafumba macho.

"Mzuri?" akauliza Vendla.

"Mzuri, mama."

"Naupika mwenyewe," akasema, akafunga kikopo.

Garini niliwasha joto, nikafuta kioo, nikafanya kila kitu ambacho mtu hufanya akiwa hataki kuuliza. Mwisho nikauliza. "Shemeji. Unadhani alikujua?"

"Hapana."

Tulipita kile kiwanda cha mbao, tukapita daraja.

"Lakini amenipa pole," akasema.

Vendla alifariki Februari, siku ya Jumatatu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo. Hadi mwisho hakumwita kwa jina lake. Mazishi yalikuwa saa tano. Saa moja na nusu, kukiwa bado na giza, nilikwenda kumchukua Algot nyumbani, nikakuta mlango umefungwa na nyayo kwenye theluji zinaelekea barabarani. Nikazifuata kwa gari, taratibu, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, mpaka kanisani. Alikuwa amesimama kando ya kaburi lililochimbwa, kofia mkononi, nyusi zimeganda nyeupe. Mtunza makaburi aliniambia kwamba alimkuta getini alipokuja kufungua.

"Shemeji, kuna saa tatu nzima bado," nikamwambia. "Njoo ukae garini."

"Hapana," akasema. "Leo nimewahi."

Nikazima gari, nikaenda kusimama naye.